Fundi wa CNC Kizota, kwa mnaojenga ndege za rimoti
Wakuu, kama unajenga jeti kubwa ya rimoti hapa Dodoma, mbavu za mabawa mpelekee huyu jamaa wa CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta) Kizota, nilimpa mchoro kwenye flashi akakata plaiwudi ya milimita 3 safi kabisa, kila fremu inaingia bila kupiga tupa. Nilichompendea zaidi aliniuliza mwenyewe kama atoboe matundu ya kupunguza uzito, maana huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa nyepesi, jua likiwaka injini inapungua nguvu na ndege inataka mbio ndefu ndo iruke, kila gramu ina maana aisee. Bei imechangamka kidogo ila kazi inaonekana. Foleni sasa! Wateja wa makabati ndo wanatangulia. Resini na fibaglasi za kuimarishia bodi ya ndege hana.