Uzoefu Wangu wa Majuma Sita na Masomo ya Video ya Kurusha Mpira Unaozama

Mimi ni mrushaji wa timu yetu ya softiboli, mchezo wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo, hapa Malindi kwa mwaka wa tatu sasa, na kwa kuwa wapigaji walikwisha kuuzoea mpira wangu wa kasi, nililipia masomo ya video ya majuma sita yanayofundisha mrusho mmoja tu: ule unaokuja usawa wa kiuno kisha ukazama karibu na mpigaji.

Kilichonifurahisha ni kwamba mwalimu hakunikimbiza kwenye mita 13.11, umbali wa kurushia kwa wanawake watu wazima. Majuma mawili ya kwanza nilisimama hatua tano tu kutoka kwa binamu yangu anayenidakia, mpira tumeuzungushia utepe mweusi, nikajifunza mzunguko peke yake: vidole juu ya mshono, kiganja kikitazama mbele, na vidole vikivutwa juu nyuma ya mpira unapotoka mkononi pembeni mwa paja. Utepe ukionekana kama mstari ulionyooka, mzunguko ni sahihi. Ukiyumba, mkono umepinda. Mpira unaozunguka kuelekea mbele husukumwa chini na hewa, nami nililithibitisha hilo jioni za kusi, kwani nilipourusha kuukabili upepo ulizama zaidi kuliko nilipoupa upepo mgongo.

Somo la hatua ya mguu, hata hivyo, lilipitiwa kwa dakika chache mno. Hatua ikiwa ndefu kupita kiasi, mwili huegemea nyuma na mpira hubaki juu, palepale mpigaji anapoutaka. Juma la nne lote lilinipotea hapo, mpaka nilipochora mstari mchangani na kuifupisha hatua yangu kwa unyayo mmoja. Kuhusu kulipumzisha bega hawakusema lolote, na hilo naliona ni kosa kubwa, maana wanafunzi wengi wa masomo kama haya ni wasichana wa shule. Video nazo hazipakuliki, kwa hiyo bando huisha haraka.

Ningemshauri ayanunue mrushaji ambaye tayari ana mpira wa kasi ulionyooka na mtu wa kumdakia kila siku. Anayeanza leo asubiri kwanza. Mimi nimeshaurusha huo unaozama katika mechi mbili, na katika ya pili mipira mingi iliyopigwa iligonga ardhi mbele ya miguu yangu badala ya kuruka mbali, na hilo ndilo nililolitaka.