Njia ya Katy, Missouri: reli ya zamani iliyopata wasafiri wapya

Njia ya Katy, iliyoko jimbo la Missouri nchini Marekani, ina urefu wa takribani kilomita 386 kati ya Clinton na Machens, nayo inafuata tuta ambalo treni za kampuni ya Missouri-Kansas-Texas ziliacha kulitumia, kwa sehemu yake kubwa, mwaka 1986. Imewezekana kwa sababu sheria ya nchi hiyo, iliyorekebishwa mwaka 1983, inaruhusu ukanda wa reli uhifadhiwe kwa ajili ya treni za baadaye huku wananchi wakiutumia kwa miguu na kwa baiskeli, badala ya ardhi kumegwa vipande vipande. Naiona kuwa sheria ya busara kubwa.

Kwa kuwa treni haimudu mlima mkali, mwinuko ni mdogo mno, kiasi kwamba hata asiye na mazoezi huendesha kwa raha. Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni Rocheport, penye handaki la mawe la mwaka 1893, na ukishatoka humo unakuta majabali ya chokaa upande mmoja na Mto Missouri upande wa pili. Njia imetandazwa mawe ya chokaa yaliyosagwa: kukiwa kukavu, vumbi jeupe hunata kwenye mnyororo uliopakwa mafuta, na mvua ikinyesha, matairi membamba huzama.

Hakuna kiingilio. Hata hivyo, vituo vya maji viko mbali kimoja na kingine, na ningependa viongezwe kwa ajili ya watembea kwa miguu, ambao huchukua saa nyingi kutoka mji mmoja hadi mwingine.