Tanki la kioo la mafundi wa madirisha wa Goma: linamfaa kambale mkubwa?

Kioo kinafaulu, mfuniko unafeli, na pampu inayokuja nalo ni ya visamaki vya mapambo. Tunazungumzia tanki la sentimita 150 kwa 60 kwa 60 ambalo mafundi wa madirisha wa Goma hulitengeneza kwa oda. Likijaa pomoni linabeba lita 540, lakini la kambale lisizidi lita 450, yaani kina cha sentimita 50. Zile 10 zinazobaki juu ni za pumzi. Kambale huvuta hewa kama sisi, na akizuiwa kufika juu hufa maji, samaki alivyo.

Dai kioo cha milimita 10. Cha 6, kile cha dirishani, kwa urefu huu kitapinda. Juu pawe na vipande vya kukaza pande zote mbili ndefu na kimoja cha kukatiza katikati. Bila hicho cha katikati, usichukue. Mkatalie fundi silikoni ya bafuni inayozuia ukungu, maana dawa iliyomo ni sumu kwa samaki. Inayofaa ni ya kioo isiyo na dawa, ile inayonuka siki ikiwa mbichi, nayo iachwe siku 7 ikauke. Kisha jaza tanki uani kwa fundi siku mbili. Pima upana wa katikati likiwa tupu, pima tena likiwa na maji: tofauti ikizidi milimita 4, limrudie mwenyewe.

Kioo peke yake ni kilo 85 hivi; na maji, zaidi ya 530. Katika nyumba ya mbao yenye sakafu ya mbao usithubutu kuliweka. Linataka simenti, meza iliyopimwa kwa nivo, na sponji ngumu ya sentimita 2 chini yake.

Mfuniko wa plai ndio aibu ya kazi hii. Unyevu unaivimbisha, na kambale wa kilo 2 anaisukuma usiku kwa kichwa, anateremka, anajikokota sakafuni hadi mlangoni. Badala yake agiza fremu ya chuma yenye wavu, ifungwe kwa komeo pande mbili.

Sasa maji, na hapa Goma ina mambo yake. Maji ya Ziwa Kivu yana pH (kipimo cha asidi na alkali) ya karibu 9. Samaki hutoa amonia, hasa kwa mashavu, na ukali wa amonia hutegemea pH: kwenye 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia moja, kwenye 9, kwa nyuzi 22, inakaribia theluthi. Kwa hiyo mazoea ya kubadilisha maji mara moja kwa wiki, ambayo kwingine yanatosha, hapa yanaunguza mashavu ya samaki. Badilisha robo ya maji kila siku ya tatu: ni bidoni sita za lita 20, zikiwa zimelala wazi siku moja ili klorini itoke. Anayefikiria kuyapunguza makali kwa maji ya mvua afikiri tena. Mvua ya huku hupita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo, inakuwa na asidi, inakula mabati na kushuka na zinki yake. Kambale hana magamba. Ngozi yake inapokea kila kitu.

Pampu ya ndani mpe mtu mwenye tilapia wadogo. Weka kichujio cha ndoo ya lita 60 chenye sponji na kokoto za lava zilizooshwa vizuri (hizo Goma hazinunuliwi), na pampu ya lita 2,000 kwa saa. Umeme ukikatika kambale hatakosa pumzi, ila bakteria wa kichujio, wale wanaoondoa amonia, watakosa. Ukikatika kwa zaidi ya saa nne, mwaga maji ya ndoo kabla ya kuwasha. Ukiyarudisha tankini unamrudishia sumu. Hita ivalishwe tiyo ya PVC yenye matundu, la sivyo ataivunja kwa mkia.

Chakula si tatizo: punje za kambale, asilimia moja ya uzito wake kwa siku akishakomaa, na sambaza (dagaa wa Ziwa Kivu) wabichi mara moja moja. Waliokaushwa kwa chumvi, hapana.

Kipimo hiki kinamtosha kambale hadi sentimita 45 hivi, maana upana wa 60 ndio anaogeukia. Aina hii hupita mita moja. Kama nia ni kukaa naye miaka, agiza la 250 kwa 100 tangu mwanzo, au uwe na bwawa la simenti linalomsubiri. Aliyenunuliwa kwa wafugaji asimwagwe ziwani, kwa kuwa vifaranga vya kufugwa mara nyingine ni chotara.