Uzoefu wangu na Cookie Clicker: nilidhani ni mchezo wa kidole tu

Nina stesheneri ndogo Morogoro. Natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, nalaminisha vyeti, napiga picha za pasipoti. Wateja wangu huja kwa mafungu: asubuhi wanafunzi, mchana wenye shida za maofisini, jioni wanafunzi tena. Kati ya fungu na fungu kuna ukimya mrefu, ambao zamani niliumalizia kwenye simu nikitazama video za watu nisiowajua wakigombana.

Desemba iliyopita mpwa wangu alimaliza kidato cha nne, akaja kunisaidia dukani huku akisubiri matokeo. Siku ya pili tu nikakuta kwenye kompyuta ya mbele kuna biskuti kubwa ya duara, na juu yake namba inapanda. Nikamuuliza ni kitu gani.

"Bofya tu, Anko."

Nikabofya, nikapata biskuti moja. Nikabofya tena, zikawa mbili. Nikamwambia huu mchezo wampelekee mtoto wa chekechea. Akacheka, akaenda kumhudumia mtu wa kopi. Aliporudi alinikuta nimeshanunua bibi wa kwanza.

Nieleze hapo kwa asiyejua. Cookie Clicker ni mchezo wa kwenye kivinjari, bure, haudai ufungue akaunti. Aliyeutengeneza ni Mfaransa, Julien Thiennot, anayejiita Orteil, na aliuandika kwa usiku mmoja mnamo Agosti 2013. Unabofya biskuti, unapata biskuti. Biskuti hizo hizo ndizo fedha yako. Kwa 15 unanunua kidole cha kukubofyia, kwa 100 unanunua bibi wa kukuokea, kwa 1,100 unanunua shamba la biskuti, kwa 12,000 mgodi, kwa 130,000 kiwanda, na ukiendelea zaidi utafika kwenye mahekalu, minara ya wachawi na mashine za kurudi nyuma ya wakati kuchota biskuti kabla hazijaliwa. Hakuna adui. Hakuna kufa. Ukisikia hivyo utauona ni upuuzi, nami sikulaumu.

Kilichonikamata ni bei. Kila ukinunua kitu, kinachofuata cha aina hiyo hupanda asilimia 15. Bibi wa kwanza ni 100, wa 11 ni 405, wa 51 amevuka 108,000, na wote wanaoka sawasawa, biskuti moja kwa sekunde. Sasa mezani pangu kikokotoo hakikosekani. Ukimya wa saa tano asubuhi ukanikuta napiga hesabu: kidole kinatoa sehemu ya kumi ya biskuti kwa sekunde, kwa hiyo cha kwanza kinarudisha hela yake kwa sekunde 150. Bibi anarudisha kwa sekunde 100. Kumbe kilicho rahisi ndicho ghali! Shamba linatoa 8 kwa sekunde, kwa hiyo linajilipa kwa sekunde 137 na ushee. Ukishakuwa na bibi kumi, wa kumi na moja atachukua sekunde 405 kujilipa, basi yeye aachwe, likatafutwe shamba. Isipokuwa kuna boresho la biskuti 1,000 linaloongeza nguvu ya bibi wote mara mbili. Wakiwa kumi, hilo linakupa 10 kwa sekunde na kurudisha gharama kwa sekunde 100 tu, kwa hiyo linawapiku wote wawili.

Hapo ndipo nilipokaa sawasawa kwenye kiti. Huu haukuwa mchezo wa kidole tena. Ulikuwa mchezo wa mtaji. (Niliponunua mashine ya pili ya kopi sikupiga hesabu ya namna hii hata nusu. Niliiona kwa mwenzangu, nikaitamani, nikakopa.)

Nyumbani ukazua jambo. Jioni moja nilikuwa naongea na mpwa wangu sebuleni, nikamwambia kwa furaha kwamba leo nimenunua bibi watatu na kesho naongeza wengine. Mke wangu alikuwa jikoni. Akatoka na mwiko mkononi, akauliza taratibu, "Baba Neema, umenunua nini?" Ilibidi nifungue laptopu nimwoneshe vikongwe wenyewe, wamejipanga mstari. Hadi leo akitaka kunichokoza huniuliza bibi zangu hawajambo.

Ndani ya siku tatu hivi kubofya kunaisha. Unabaki unatazama, na hapa ndipo mchezo unapogawanyika kati ya anayepitisha muda na anayecheza. Kila baada ya dakika tano hadi kumi na tano, mahali popote kwenye skrini, hutokea biskuti ya dhahabu. Inakaa sekunde 13 halafu inapotea. Ukiiwahi unaweza kupata uokaji mara 7 kwa sekunde 77, au ukapewa biskuti za bure papo hapo. Ukiwa na bahati ya kutosha unapata ile ya kubofya mara 777 kwa sekunde 13, na siku hiyo mteja akiingia na flashi yake atasubiri kidogo.

Zile za bure ndizo zilizonifundisha mchezo. Unapewa asilimia 15 ya akiba uliyonayo, au uokaji wa dakika 15, kile kilicho kidogo. Mimi nilikuwa mtu wa kutumia: nikipata nanunua, nikipata nanunua, akiba yangu haikukaa. Kwa hiyo kila biskuti ya dhahabu ilinipa makombo. Mpwa wangu akanitazama siku nzima bila kusema, jioni akaniambia, "Anko, weka ya dakika 100 usiiguse." Nikachukua kikokotoo. Kweli: ili asilimia 15 ya akiba ilingane na uokaji wa dakika 15, lazima uwe umeweka uokaji wa dakika 100. Ukipungukiwa hapo unajipunja mwenyewe. Ukizidisha, hela imelala bure. Na kama unataka kuikuta dhahabu ya pili wakati ile ya mara 7 bado inawaka, akiba yako iwe mara 7 ya hiyo, dakika 700. Nikaanza kuweka. Iliniuma, kwa sababu boresho liko pale linakuita, bei unayo, lakini huligusi. Siku ya kwanza nilipopokea dhahabu akiba ikiwa imetimia, namba iliruka hadi nikasema "eee!" kwa sauti, na mama aliyekuwa anasubiri cheti chake kilaminishwe akadhani kimeungua.

Kuna na wale bibi. Sitaki kuharibu utamu kwa atakayejaribu, lakini tuseme hivi: ukiendelea na utafiti fulani, bibi hawabaki kuwa bibi wa kawaida. Skrini inabadilika rangi, sura zao zinabadilika, na minyoo inakuja kuzunguka biskuti yako kubwa inainyonya. Kila mmoja anakula asilimia 5 ya uokaji wako. Wakifika kumi unaona umepoteza nusu, na mtu mwenye akili timamu atawapasua haraka. Niliwapasua wiki nzima. Baadaye nikagundua kwamba ukiwaacha wanyonye kwa muda ndipo uwapasue, wanarudisha vyote na nyongeza ya asilimia 10. Halafu kwa kuwa kila mnyoo anahesabiwa chakula cha kundi zima, kumi wakiwa wamejazana unapata karibu mara 6 ya uokaji wako wa kawaida. Yaani ile namba inayoonekana kushuka ndiyo faida yenyewe. Nilijiona mjinga, na nikafurahi kujiona mjinga. Michezo mingi ya simu niliyowahi kuijaribu haikuwahi kunificha kitu. Ilikuwa inanionesha tu mahali pa kulipia.

Umeme ni habari nyingine. Mchezo unajihifadhi wenyewe kila dakika moja, kwa hiyo ukikatika hupotezi kitu cha maana. Lakini ukurasa ukifungwa, mwanzoni hakuna kinachookwa mpaka urudi. Yale mabadiliko ya kukufanya uoke ukiwa umefunga yanakuja baadaye sana, na hata hapo ni kidogo. Kwa upande wa bando sina malalamiko, ukishafunguka unakwenda wenyewe, kuna matangazo kidogo pembeni basi.

Maumivu yangu makubwa niliyaleta mwenyewe. Kompyuta ilikuwa nzito, nikamwita fundi aisafishe. Akasafisha kweli kweli: akafuta kumbukumbu zote za kivinjari, na biskuti zangu za wiki tatu zikaenda nazo, kwa sababu toleo hili linahifadhi maendeleo yako humo humo kwenye kivinjari. Fundi hakuwa na kosa, nilimwambia futa kila kitu. Kosa ni langu: kwenye mipangilio kuna mahali pa kutoa hifadhi yako ikawa maandishi marefu yasiyosomeka, unayabandika popote, ukitaka unayarudisha. Sasa kila Jumamosi nikifunga duka najitumia yale maandishi kwa barua pepe. Anayeanza leo aanze na hilo kabla ya bibi wa kwanza.

Lakini ajali ile ilinisaidia mahali nisipotegemea. Mchezo huu una jambo linaloitwa kupaa: unaacha kila kitu, majengo yote, akiba yote, unaanza na biskuti sifuri. Badala yake unapewa ngazi, na kila ngazi inaongeza asilimia 1 kwenye uokaji wa maisha yako yajayo, ingawa nguvu hiyo inafunguka kwa awamu. Ngazi ya kwanza inataka uwe umeoka trilioni 1. Ngazi mbili ni trilioni 8. Ngazi kumi ni trilioni elfu moja. Ukitaka ngazi mara mbili lazima uoke mara nane. Mzunguko wa kwanza nilikataa kabisa kupaa. Mpwa wangu alibembeleza, "Anko, paa, utarudi haraka," nami nikawa namjibu kwamba mali haitupwi. Baada ya fundi kunitupia mali yote bila hata ngazi moja, mara ya pili nilingoja nikakusanya ngazi za kutosha, nikapaa bila kupepesa. Kilichonichukua siku tisa kukijenga kilirudi ndani ya siku moja na nusu.

Kasoro zipo. Kiswahili hakimo, na nusu ya utamu wa mchezo ni utani wa maandishi yanayopita juu kama habari za televisheni, ambao asiyejua Kiingereza vizuri utampita. Ukishapaa mara kadhaa mwendo unakuwa wa kinyonga. Bustani iliyomo kwenye shamba, ambapo unachanganya mbegu kupata mimea mipya, nimeshindwa kuipenda, inadai uangalizi kama kuku wa kisasa. Soko la hisa la kwenye benki nimelipenda kupita kiasi, ikabidi nijiwekee sheria ya kutolifungua kabla ya saa sita. Na namba zenyewe zikishavuka trilioni mara kadhaa zinapoteza ladha, unaona jina tu. Lipo pia toleo la Steam, lile duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, lililotoka Septemba 2021, la dola 4.99, lenye muziki wa C418, yule aliyetunga muziki wa mchezo wa Minecraft. Hilo linahifadhi hadi mtandaoni, fundi haligusi. Sijalinunua. Kwa matumizi ya dukani la bure linanitosha.

Kuna mtu alinikejeli kwamba michezo hii ni utani uliogeuka ugonjwa. Hajakosea sana. Mwaka 2010 mtaalamu mmoja wa michezo, Ian Bogost, alitengeneza Cow Clicker kwa ajili ya kuidhihaki michezo ya Facebook: unabofya ng'ombe mmoja, unasubiri saa sita, unabofya tena. Watu wakaupenda kwa dhati. Ila ule haukuwa na kitu ndani zaidi ya ng'ombe na kusubiri. Huu una hesabu, na hesabu zenyewe zinakuruhusu uzikimbie ukitaka. Mke wangu anaucheza kwenye simu bila kikokotoo, anabofya akiwa anasubiri maharage yaive, na ana furaha yake.

Nani asiuguse? Mtu mwenye kazi isiyo na mapengo. Mwalimu, dereva, muuguzi, aachane nao. Ni mchezo wa mlinzi wa usiku, wa mwenye duka, wa mtu aliye kwenye foleni, kwa sababu hauulizi ulikuwa wapi. Unauacha saa nzima unahudumia watu, ukirudi umekungoja na kitu mkononi.

Matokeo yalitoka, mpwa wangu amefaulu, yuko bweni sasa kidato cha tano. Simu hawaruhusiwi, hupiga Jumapili kwa simu ya mwalimu wa zamu, dakika zake chache. Anamsalimia shangazi yake, anaomba hela ya sabuni. Jumapili iliyopita nilidhani amemaliza, nikawa nataka kukata.

"Anko, ngoja. Minyoo wangapi?"

"Kumi."

"Usiwapasue hadi nifunge shule."

Bado hajafunga. Nimewaacha.