Boti ya tanga ya kuvutwa na gari: kabla hujalipa, ushike mkuku wake

Mwenzangu unayetafuta boti ndogo ya tanga ya kupandisha kwenye trela, nisikilize. Hii yangu nimeitamani miaka mingi, na bado nina hasira nayo.

Tulikuwa Ziwa Victoria, nje kidogo ya Entebbe, Uganda, mimi na mpwa wangu, alasiri moja mvua zikielekea kwisha. Nikafungua winchi ya mkuku, lile bapa zito la chini ya boti linaloizuia isiende ubavu, waya ukalegea kama kawaida, tukatweka tanga. Boti ikaanza kwenda ubavu. Mpwa wangu akageuka: "Mjomba, mbona boti inatazama visiwani na sisi tunaelekea kwenye mafunjo?"

Mkuku ulikuwa haujashuka hata kidogo.

Boti za aina hii mkuku wake hukunjwa ukaingia kwenye sanduku katikati ya chombo, la sivyo isingekaa chini kwenye trela. Hilo halina ubaya. Ubaya ni kwamba huu wangu unashuka kwa uzito wake tu, hakuna kinachousukuma. Ukiilaza boti ufukweni, mchanga na mizizi ya magugu maji hupenya kwenye ule mwanya wa chini, mkuku unabanwa, na waya unalegea vilevile! Hakuna alama yoyote ya kukuonyesha uko juu au chini. Na sanduku lenyewe mbuni kalifunika juu kabisa ili apate pa kuweka meza. Meza! Angeacha tundu la kupitisha ufito tu, ningeusukuma dakika ile ile.

Asiyejua tanga ataona nalalamikia jambo dogo. Huku kwetu mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo ukitoka Entebbe kwa tanga unaanza kwa kupiga bisho, yaani kwenda kwa kona kona kuukabili upepo. Bila mkuku hakuna bisho, unasukumwa pembeni tu. Halafu sehemu kubwa ya farumi ya boti hii, ule uzito wa chini unaoituliza, ni huo mkuku wenyewe. Ukibaki juu, kila upepo ukiongezeka inalala vibaya. Mtoto wa dada yangu alikuwa ndani. Vijana waliokuwa wakijiandaa kwenda kuvua mukene, dagaa wa ziwani, ndio waliotuchomoa kwenye mafunjo wakatuvuta hadi mwaloni, na hawakutaka hata shilingi. Mungu awazidishie.

Jioni nikampigia aliyeniuzia. Nikamsalimia kwa heshima, nikamweleza taratibu. Akasema, "Ssebo, boti ni nzima. Hilo ziwa lenu ndilo chafu." Akakata simu. Ziwa letu! Magugu maji yamo Ziwa Victoria zaidi ya miaka 30, na yeye boti anawauzia watu wa ziwa hili hili, hauzi kwingine. Nilipiga tena na tena, hakupokea. Angesema "pole" tu, huenda nisingeandika haya.

Haki yake nayo niiseme. Mlingoti umewekewa bawaba chini, na kwa winchi ya trela mtu mmoja anausimamisha bila kuita jirani. Niliwahi kuivuta hadi Jinja, tukapita msitu wa Mabira katikati ya malori ya miwa, ikatulia nyuma ya gari wala haikuyumba. Siku ile mkuku ulishuka vizuri. Upepo ulikuwa wa wastani, tanga likajaa, nikaushika usukani kwa vidole viwili tu na boti ikashika njia yake yenyewe. Sijawahi kufurahi namna ile juu ya maji. Kwa siku ile ningemwambia kila mtu anunue.

Lakini mkuku ni uhai wa watu, na mbuni kaufungia chini ya meza. Nimeshaongea na fundi wa faiba, ataikata meza na kutoboa sanduku kwa juu. Gharama ni yangu, bila shaka, kwa sababu yule bwana hapokei simu.

Nilitaka kuipa nyota tatu kwa ajili ya mlingoti. Nikikumbuka uso wa mpwa wangu pale mafunjoni, naipa moja. Ukiitaka bado, mwambie muuzaji aishue mbele yako na afungue winchi, kisha ingia majini mwenyewe uushike mkuku kwa mkono. Akikwambia haina haja, rudi nyumbani na pesa zako.