Valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma: tazama kifuniko kwanza

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji kuhusu valvu hizi yanafanana mno. Valvu ilinunuliwa mpya, ikafungwa vizuri, miaka ikapita. Siku inapoanza kuvuja, au mkaguzi anapokuja kuipima, fundi anaikagua juu na chini kisha anatoa hukumu: haifunguki, tukate bomba. Mwenye nyumba analipia valvu ya pili na kazi ya pili kwa sababu ya kipande cha raba.

Kwa hiyo kipenyo cha bomba na aina ya uzi nawaachia mafundi, maana hayo wanayajua. Mimi nazipanga valvu hizi kwa swali moja: je, inafunguka na kutengenezwa ikiwa bado iko kwenye bomba? Shaba ya nje inaweza kukaa miongo mingi. Kinachozuia maji yasirudi ni diski za raba na springi zilizo ndani, na hizo huchakaa. Usipoweza kuzifikia, umenunua kitu cha kutupwa.

Maji hurudi nyuma kwa njia mbili. Presha ya bomba kuu inaposhuka ghafla, kwa sababu bomba limepasuka au wazima moto wanavuta maji mengi, maji yaliyo kwako hunyonywa kuelekea barabarani. Au presha ya kwako inaizidi ile ya bomba kuu kwa sababu una pampu, boila au tangi lililo juu, na maji yanasukumwa kurudi. Wapo wanaoniambia hawana haja ya valvu kwa kuwa wana bustani tu. Mwaka 1969, katika chuo cha Holy Cross huko Massachusetts, Marekani, karibu timu nzima ya mpira wa Kimarekani ilipatwa na homa ya ini. Wazima moto walikuwa wamevuta maji kwenye moto wa jirani, presha ikaanguka, na maji machafu yaliyotuama kwenye mashimo ya vinyunyizio yakanyonywa hadi kwenye bomba walilokunywa wachezaji. Msimu wao ulifutwa. Yalikuwa maji ya kunyunyizia nyasi.

Nafasi ya kwanza: Watts 009

Sifichi kwamba hii ndiyo ninayoipenda. Ni modeli ya kampuni ya Watts, ya aina ya RPZ, yaani ya presha pungufu: valvu mbili za njia moja zikifuatana, na katikati yake chumba chenye valvu ya kumwaga. Presha ya chumbani ikikaribia ile ya maji yanayoingia, hadi tofauti ibaki takriban psi 2 (psi ni kipimo cha presha), valvu ya kumwaga hufunguka na maji yanatoka nje badala ya kurudi kwenye bomba. Hata valvu zote mbili za njia moja zikiharibika, uchafu huishia sakafuni, na wewe unauona.

Katika vipimo vidogo, hadi inchi 2, 009 ina kifuniko kimoja juu. Ukikifungua, kila kitu cha ndani unakifikia kwa mkono. Springi zimefungiwa ndani ya moduli zake, kwa hiyo hazimrukii fundi usoni, na hata viti vya valvu, ile sehemu ambayo diski inakaa, vinabadilishwa. Hili la viti nalisisitiza kwa makusudi. Valvu nyingi zinakuruhusu kubadilisha raba, lakini kiti kikishakwaruzwa na mchanga, raba mpya haisaidii chochote. Mwenye kliniki, saluni, gereji, kiwanda, sehemu ya kuoshea magari, au nyumba yenye kisima na pampu vilivyounganishwa na maji ya mtandao, anunue hii asiendelee kutafuta.

Wilkins 975XL ya kampuni ya Zurn, nayo RPZ, inafanya kazi ileile kwa uaminifu, na valvu zake za njia moja zinafikika bila kung'oa mwili wa kifaa. Naiweka chini ya 009 kwa sababu valvu yake ya kumwaga imening'inia upande wa chini. Ikifungwa karibu na sakafu, fundi analala kifudifudi ili aifikie, na kazi inayomchosha fundi huishia kuahirishwa.

RPZ yoyote isifungwe shimoni. Shimo likijaa maji, mdomo wa kumwaga unazama na unaweza kuvuta maji hayohayo machafu. Iinuliwe angalau sentimita 30 kutoka chini, na pawe na njia ya maji ya kutosha, kwa sababu siku itakayomwaga kwa nguvu haitadondosha matone. Ikidondosha kidogo, mara nyingi ni punje ya uchafu chini ya diski. Ndiyo maana bomba jipya lisafishwe kwa maji kwanza, kifaa kifungwe baadaye.

Nafasi ya pili: valvu mbili za njia moja, Watts 007

Hii ni ya hatari ndogo tu, pale ambapo maji yanayoweza kurudi yana ladha au rangi mbaya lakini hayana sumu wala vijidudu. Haina mdomo wa kumwaga, hivyo ikiharibika inaharibika kimya, na ni kipimo pekee kitakachokuambia. Kila valvu ndani yake inapaswa kushikilia angalau psi 1. 007 nayo ina kifuniko cha juu na viti vinavyobadilishwa, ndiyo maana naitaja kwa jina. Isifungwe kwenye bomba lenye kemikali, hata muuzaji akiapa.

Nafasi ya tatu: ya kuvunja ombwe, kwa mifumo ya umwagiliaji

Aina hii huingiza hewa bombani presha inaposhuka, ili maji yasinyonywe. Febco 765 ndiyo chaguo langu hapa. Sehemu zake za juu ni za plastiki na baridi kali ya kugandisha maji huzipasua, lakini zinabadilishwa kutoka juu na mwili wa shaba unabaki. Ikae angalau sentimita 30 juu ya kinyunyizio kilicho juu kuliko vyote. Inazuia maji kunyonywa tu, haizuii kusukumwa. Ukiwa na pampu mbele yake, haikufai.

Za bei ndogo nazitaja kwa ufupi. Ile ndogo ya kufunga kwenye koki ya mpira wa bustani ni bora kuliko kukosa kabisa, ila nyingi zina skrubu inayokatwa kichwa ili isifunguliwe tena, kwa hiyo raba ikifa unaikata kwa msumeno. Ile pacha ya kuweka karibu na mita haina koki za kupimia, zile ndogo za kuunganishia geji. Huwezi kujua kama bado inafanya kazi.

Sasa wauzaji. Inanikera kuona valvu ya kawaida ya njia moja, ile ya pampu, ikiwekwa kwenye rafu moja na hizi na kupewa jina lilelile. Mnunuzi anaondoka akiamini amelinda familia yake. Linanikera zaidi duka linalong'oa koki za kufungia zilizokuja na kifaa ili liziuze kando na kutangaza bei nafuu. Orodha ya vifaa vilivyoidhinishwa na maabara ya Chuo Kikuu cha Southern California, ambayo mamlaka nyingi za maji huitegemea, inaidhinisha kifaa kizima: mwili, koki mbili za kufungia, koki za kupimia, na hata mkao, wa kulala au wa kusimama. Ukiondoa koki, kilichobaki si kile kilichopimwa. Halafu ukiuliza raba za akiba unaambiwa hazipo, au unatajiwa bei inayokaribia ya valvu nzima. Duka linalouza mwili bila kuwa na raba zake limekuuzia nusu ya bidhaa, na ningependa wanunuzi waanze kulisema hilo mbele ya kaunta.

Kabla hujalipa, mwambie akuonyeshe pakiti ya raba za modeli hiyohiyo, na uinunue siku hiyohiyo. Kisha hakikisha fundi anaacha nafasi juu ya kifuniko, anaelekeza koki za kupimia upande usio na ukuta, na anaweka yunioni, yaani viungio vinavyofunguka bila kukata bomba, pande zote mbili. Ipimwe ikishafungwa, halafu angalau mara moja kila mwaka, na mtu mwenye geji ya kazi hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Bila valvu hii, maji ya boila yanapopashwa moto na kutanuka husukuma kidogo kurudi kwenye bomba kuu. Ukishaifunga, njia hiyo imezibwa na presha inapanda ndani ya nyumba. Boila ikiwa haina tangi dogo la upanuzi, valvu yake ya usalama itaanza kudondosha, na utashangaa kwa nini kifaa kipya kimeleta uvujaji mahali pengine. Tangi hilo liingie kwenye hesabu ya fundi tangu mwanzo.