Kitochi cha Nokia 105, miezi mitatu bila simu ya tachi

Simu yangu ya tachi ilidumbukia kwenye ndoo ya maji, fundi akaifungua akaniambia dada hii haiponi, hela ya nyingine sikuwa nayo, basi nikaenda Kariakoo nikachukua kitochi, Nokia 105 ile ya 2019, elfu hamsini, nikijua ni cha wiki mbili tu nijipange. Huu mwezi wa tatu sasa, hela ishapatikana na bado sijaenda kununua, ndo maana naandika.

Simu yenyewe kwanza. Nyepesi, batani unabonyeza hata bila kuangalia, tochi ipo, redio FM ipo ukichomeka hedifoni. Betri ni ya 800 mAh, ukisikia hivyo unaona ndogo, ila mimi nachaji Jumapili usiku mpaka Alhamisi bado inadunda. Haina kamera wala intaneti, mtandao ni 2G, kwa hiyo WhatsApp sahau. M-Pesa unapiga *150*00# kama kawaida, na meseji ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ikiingia nasimama nayo mbele ya mita naingiza namba taratibu mpaka zinatimia 20, kioo hakinizimikii katikati. Ukienda kununua toa betri usome IMEI ya ndani, ile namba ya utambulisho wa simu, halafu piga *#06#, namba zifanane, kisha itume kwenda 15090 wakujibu ni simu gani. Msione uvivu, mnakumbuka Juni 2016 TCRA, wale mamlaka ya mawasiliano, walivyozima simu feki.

Sasa kilichonishangaza sio simu, ni mkono wangu. Mimi ni fundi cherehani, simu nawekaga pale pembeni ya pasi. Wiki ya kwanza nikimaliza mshono, uzi hata sijaukata, mkono wa kulia ushafika pale pembeni ya pasi na hakuna meseji wala nini, unaenda tu wenyewe. Siku moja nikaamua kila ukienda natupia kifungo kwenye kikopo, mpaka adhana ya adhuhuri vilikuwa vifungo 31. Nilikaa nikaviangalia vile vifungo jamani. Yaani mara 31 nimeacha kazi ya mtu, na hapo simu yenyewe haina kitu cha kuangalia, je ile ya tachi ilikuwa inanila mara ngapi?

Kazini imenigharimu, sitaki kudanganya. Wateja wanatuma picha za mishono WhatsApp, kuna waliopotea kabisa. Ila kuna mama mmoja alikuja na kitenge chake, nikamwambia mama sina picha, hebu nichoree, akachukua chaki yangu akachora mkono wa gauni juu ya meza, tukabishana pale, hapa pafute, hapa pajae, nikampima tena begani. Ile nguo ilimkaa! Hajarudi kurekebisha hata sindano moja, na siku zote nguo za picha ndo zinanirudiaga, maana mtu anatuma mwili wa mtu mwingine.

Kilichoniuma ni msiba. Shangazi yangu alifariki, taarifa ikawekwa kwenye grupu la ukoo na kila mtu akajua wote tumeona, hakuna aliyepiga. Mimi nimepata habari kesho yake kwa jirani, nafika makaburini watu wanakung'uta mchanga wanatoka. Nililia sana, na sikuwa na wa kumlaumu, kwa sababu mwaka juzi mimi mwenyewe niliweka taarifa ya msiba wa baba kwenye grupu hilohilo, nikaweka simu chini nikaona nimemaliza, wala sikujiuliza mjomba wa kijijini mwenye kitochi ataipataje. Alipata siku ya tatu. Juzi nimempigia nikamwomba radhi, tukaongea mpaka vocha ikakata, akanipigia yeye tukaendelea.

Kwa hiyo kama kazi yako sio ya picha, chukua hiki kitochi, na kabla hujaizima ya tachi wapigie watu wako mmoja mmoja uwaambie kabisa, mimi habari zangu ni kwa kupigiwa. Mimi ya tachi ntanunua mwisho wa mwezi kwa ajili ya wateja, itabaki hukuhuku kibandani kwenye droo, nyumbani narudi na Nokia yangu. Jana nimehesabu tena vifungo mpaka adhuhuri, vilikuwa vinne.